Mate ya Kogo

Juzi nilimbusu binti yangu shavuni, akajifuta kwa mkono wa sweta, nami nikasikia tena harufu ya tumbaku.

Kogo, nyanya yangu, alitafuna tumbaku mchana kutwa, na kwetu Wakipsigis mkubwa hukubariki kwa kukutemea mate. Alasiri moja alinipeleka Kericho kuninunulia viatu vya gambuti dukani kwa Mhindi mmoja mzee. Mzee akatuongezea soksi. Kogo akafurahi, akamtemea kifuani, kisha akanitemea na mimi shavuni. Mate yalikuwa ya kahawia, vuguvugu, yenye chembechembe. Nilijifuta hapo hapo.

Mzee hakujifuta. Aliunganisha viganja, akainama, kisha akanigeukia.

“Mtoto, Mungu iko moja tu. Ile iko ndani ya nyanya yako ndiyo hiyo iko ndani yako. Wewe ndiyo yeye. Sasa unafuta nani?”

Leo najua alichomaanisha, kwamba nafsi ni moja na ndiyo Mungu. Siku hiyo nilielewa tu kwamba, kama mimi ndiye Kogo, mate yale yalikuwa tayari kinywani mwangu. Njia nzima ya kurudi, katikati ya mashamba ya majani chai, nilitema mpaka ulimi ukakauka.

“Unatema nini?” Kogo akauliza.

“Ninakutoa wewe.”

Kogo akameza tumbaku yake.

Harufu ile bado hunichafua moyo, ila jibu langu hunichafua zaidi. Kogo aliishi miaka mingi baadaye, akawatemea wajukuu wengine wote, hata ndama wake. Mimi hakunitemea tena.