Bibi Harusi Hakuanguka

Nyumba nzima ilikunywa kakao miezi mingi kwa sababu ya Bibi Harusi. Si kwamba waliipenda. Watoto walikunja nyuso, na Severa mwenyewe ilimtia kiungulia. Lakini mumewe, Gaudens, alikuwa amepita Kariakoo yote na uzi na rula akipima makopo, akagundua kwamba kopo la kakao ile, na hilo tu, lilikuwa na unene hasa wa tangi la mvuke la Bibi Harusi, ukilipunguza tangi hilo kwa kipimo cha inchi moja kwa kila futi. Kopo la kwanza aliliharibu wakati wa kulehemu. La pili nalo likaharibika. Kumwaga kitu kilichonunuliwa hakukuwamo katika malezi ya Gaudens, basi wakanywa.

Bibi Harusi alikuwa kichwa cha treni ndogo ya machimbo ya mawe, nje kidogo ya mji. Gaudens alifanya kazi huko alipoteremka kutoka Kibosho akiwa kijana, kabla hajawa mwenye duka la jumla la maharage na vitunguu karibu na Mtaa wa Msimbazi. Wachimbaji walimpa jina hilo kwa kuwa alitembea polepole, alifoka akiharakishwa, na kila alipofika kwenye kona alitaka kubembelezwa. Kazi ya Gaudens ilikuwa kukimbia mbele yake na ndoo, akimwaga mchanga juu ya reli ili magurudumu yasiteleze. Sasa machimbo yalikuwa yamefungwa, Bibi Harusi wa kweli ameuzwa chuma chakavu, na Gaudens, mtu mzima mwenye kitambi na wateja wa jumla, alikuwa anamwumba upya, kwa umbo dogo, uani kwake.

Na aliumba kwa roho ngumu. Reli alizikata kutoka kwenye tepe za chuma zinazofunga marobota ya khanga. Mwavuli wa Severa ulitoweka, ukaonekana baadaye umekuwa mabomba ya mvuke. Aliposikia kwamba behewa moja la machimbo limebaki Ilala, uani kwa mama mmoja aitwaye Theopista ambaye aliligeuza banda la kuku, alikwenda na rula yake, akaingia mpaka kiunoni kati ya kuku watagao, akapima hata mahali palipobonyea. Theopista alidhani ni mtu wa kodi, akamkana kila kuku.

"Baba Candida," Severa alimwambia jioni ile, akimtoa manyoya kichwani, "duka lako lingepimwa hivi, tungekuwa matajiri."

"Mama Candida, wewe hukumwona Bibi Harusi."

"Namwona kila siku. Ndiye aliyevaa mwavuli wangu."

Magurudumu yalitengenezwa kwa msaada wa Vasant, fundi saa wa duka la jirani, mtu mpole aliyeweza kukaa na tupa mkononi tangu asubuhi mpaka adhuhuri bila kusema neno. Ndiye pia aliyetoa kamani, ile springi ya kujaza, ya saa kuu ya ukutani ili Bibi Harusi apate nguvu ya kutembea. Reli zikatandazwa kuzunguka ua mzima, kamani ikajazwa, Bibi Harusi akaondoka na mabehewa yake nyuma, akapita uani kwa madaha, akafika kwenye kona ya jikoni, akaanguka ubavu wa kushoto.

Gaudens alipiga makofi.

"Hivyo hivyo!" alisema. "Hivyo hivyo kabisa!"

Alieleza kwa kila aliyetaka kusikia na kwa wengi ambao hawakutaka. Bibi Harusi wa kweli, alisema, gurudumu lake moja la mbele lilikuwa limelika ule mdomo wa chuma unaolishika lisitoke relini, na mabwana hawakutaka kununua jingine. Kwa hiyo kwenye kona ya kushoto alianguka. Yeye Gaudens alikuwa amelisugua hilo gurudumu kwa tupa, taratibu, mpaka likalika sawasawa na lile.

Majirani walisikiliza, wakaangaliana, wakaenda kucheka barabarani. Fundi yeyote ambaye kiti chake kina mguu mfupi angeweza kusema kwamba alikusudia. Severa alimcheka mumewe miaka yote na aliona ni haki yake. Lakini kicheko cha watu wengine kilimuuma.

Kisha habari zikaja kwamba Mzee Melkiori anapita Dar es Salaam. Huyu ndiye aliyekuwa dereva wa Bibi Harusi. Alikuwa akiishi Lindi kwa binti yake, na sasa anarudi Kibosho moja kwa moja, kuzeekea nyumbani. Atashuka melini Jumamosi, na Jumatatu atapanda basi la Moshi. Jumapili, baada ya misa, angefika kwa Gaudens kunywa chai.

Gaudens hakulala vizuri tena. Severa alijua kwa nini, maana alikuwa ameelezwa mara nyingi. Katika miaka yote ile ya machimbo, Melkiori hakuwahi kumwambia neno jema hata moja. Alimwambia "mchanga", alimwambia "kimbia", na siku ya kuagana alimwambia "haya". Gaudens alikuwa na duka, mke na watoto sita, lakini neno la yule mzee bado alilitaka, na nafasi ya kulipata ilikuwa Jumapili hiyo tu.

Severa akamfikiria mzee amekaa uani, Bibi Harusi anaanguka mbele yake, majirani wanacheka. Akashindwa kuvumilia. Ijumaa, Gaudens akiwa sokoni, alibisha kwa Vasant.

"Vasantbhai, nisaidie. Asianguke."

Vasant alisita. "Bwana Gaudens atakasirika, mama."

"Akikasirika nitamjibu mimi. Akichekwa nitamwambia nini?"

Vasant akatengeneza gurudumu jipya, mdomo wake mzima, akalipaka rangi nyeusi ya viatu lifanane na mengine. Lile la zamani Severa hakulitupa, kwa kuwa katika nyumba ile hakikutupwa kitu. Alilifunga kwenye pindo la khanga yake.

Jumapili Mzee Melkiori alikuja na koti lake zito na fimbo. Watoto wakampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuwaangalia, akakaa. Majirani walijaa. Gaudens, bado na suruali ya misa, akajaza kamani, akamwachia Bibi Harusi.

Alipokaribia kona ya jikoni, Gaudens alikwisha kuinama na kunyoosha mikono tayari kumwinua. Bibi Harusi akapita. Akazunguka ua, akarudi, akapita tena. Majirani walishangilia. Gaudens alibaki ameinama vile vile.

"Nzuri," alisema Mzee Melkiori. "Umeinunua duka gani?"

"Mzee, huyu ni Bibi Harusi."

"Bibi Harusi gani anapita kona hivyo?" Mzee akaokota fimbo yake. "Mimi nimemwendesha Bibi Harusi, bwana. Haya, asante kwa chai."

Severa alimtazama mumewe usoni. Kwa mara ya kwanza aliiamini ile habari ya gurudumu.

"Subiri, baba!" aliita, akifungua pindo la khanga kwa meno. "Kosa ni langu. Baba Candida, ni mimi. Vasantbhai, lete bisibisi!"

Gaudens akasogea pembeni. Vasant alipiga magoti akabadilisha gurudumu, masikio yamemwiva kwa haya. Kamani ikajazwa upya. Bibi Harusi akaondoka, akapita uani, akafika kwenye kona ya jikoni, akaanguka ubavu wa kushoto na kuyavuta mabehewa mawili ya mbele. La mwisho likabaki limesimama.

Hakuna aliyepata muda wa kucheka.

"Mchanga!" Mzee Melkiori alikuwa amesimama, fimbo juu. "We Gaudens! Mchanga uko wapi? Nimekwambia mara ngapi? Kimbia!"

Na Gaudens, pamoja na kitambi chake, akakimbia. Alichota mchanga kwenye debe la maua, akarudi mbio, akamwaga juu ya reli kwa kiganja. Mzee alikuwa tayari magotini, ameingiza ncha ya fimbo chini ya Bibi Harusi, anamkweza kidogo kidogo kama walivyomkweza yule wa kweli kwa magogo machimboni.

"Taratibu. Shika nyuma. Haya." Bibi Harusi akarudi relini. Mzee akampapasa kwa kidole gumba mahali palipolika.

"Ameanguka vizuri," alisema.

Gaudens alikuwa anajifuta mchanga kwenye suruali ya misa, ile aliyoipigia pasi Severa asubuhi, anajifuta mbele na nyuma, na Severa akamwacha.