Tepe Nyekundu Juu ya Kilima

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Shinyanga, Mkuu wa Kitengo cha Mimea alinikabidhi kibanio, yaani mbao mbili zenye mikanda za kukaushia mimea ndani ya magazeti. Akaniambia, "Binti, wenzako wa wanyamapori wana kisingizio, mnyama hukimbia. Mmea haukimbii. Ukirudi mikono mitupu, ulikuwa umelala." Nilimwogopa miaka mingi, na nilimpenda pia.

Kazi yetu ilikuwa kujua mmea gani unaota wapi, na kama umebaki wa kutosha. Kuenea kwake tuliita mtawanyiko. Nyinyi wa leo mnabonyeza simu tu; sisi tulitembea na ramani ya karatasi, na mvua ikija tuliikinga ramani kwanza, vichwa baadaye.

Nilipohamishiwa Geita kuna ua moja lililoniteka. Dogo, la zambarau, huchanua kwenye nyufa za mwamba mvua za kwanza zikinyesha. Ndugu zake wote wako kwenye milima mirefu ya baridi. Hili tulilipata kilima kimoja tu, upande wa Nyarugusu, ingawa tulizunguka mpaka Mwakitolyo. Kilima kile kikichimbwa, ua limekwisha duniani.

Mkuu wa Kanda, mtu wa haraka, akaagiza kila shina liwekewe kijiti chenye utepe mwekundu, ili mwaka unaofuata tujue lipi limekufa. Utaratibu mzuri, mahali pengine. Geita kila mtu anajua vijiti vya tepe nyekundu ni vya wapima miamba, na wakipita hao, dhahabu ipo. Tuliporudi tulikuta rashi: watu wamefurika, matoroli, na maduara yanachimbwa, kila shimo pembeni ya utepe wetu. Nililia mbele za watu, sioni haya kusema.

Mwenyekiti wa wachimbaji, Baba Limi, alinijia akijifuta vumbi.

"Shikamoo mama. Mbona unalia? Kuna mtu amefukiwa?"

"Marahaba. Mnachimba maua yangu."

"Maua? Si mmeweka alama wenyewe?"

"Alama za maua, Baba Limi!"

"Basi zitoeni."

Tukazitoa. Mambo yakaharibika zaidi, maana kufikia jioni habari ilikuwa imefika mnadani kwamba serikali inaficha dhahabu.

Mkuu wa Kanda alitaka askari. Nikampigia simu yule mkuu wangu wa Shinyanga, wakati huo kashastaafu. "Askari wataondoka," alisema. "Ongea na wenye kilima."

Wenye kilima walikuwa ukoo wa Mayu Minza (mayu ni mama kwa Kisukuma), bibi mwenye ng'ombe wengi. Sikumchosha kwa sayansi. Nilimwonyesha ua moja lililosalia, nikamwambia hakuna kwingine. Akaitisha mkutano wa kijiji na kutangaza, "Kuanzia leo kilima ni ngitili." Ngitili ni malisho ambayo Wasukuma huyafunga wakati wa mvua ili majani yakue, kisha huyafungua kiangazi ng'ombe wakiwa na njaa. Yakifungwa, haliingii jembe wala kwato. Baba Limi, ambaye naye ana ng'ombe kwao, alikuwa wa kwanza kuunga mkono. Maduara yake yalikuwa hayajatoa kitu, nadhani hilo lilisaidia.

Nilistaafu nikiwa nimeandika kwamba ua lile bado liko hatarini kutoweka, kwa sababu kilima kimoja ni kilima kimoja. Lakini nililala vizuri.

Mvua za juzi nilipanda bodaboda, kisha nikatembea na fimbo yangu mpaka chini ya kilima kile. Mzee mmoja nisiyemjua akainuka juu ya jiwe.

"Mayu, hapa ngitili. Imefungwa."

"Nataka kuona maua tu, baba. Nimeyafanyia kazi miaka mingi."

"Hata mwenyekiti wa kijiji haingii. Njoo kiangazi."

Kiangazi maua hayapo. Nilitaka kumweleza mimi ni nani, nikajizuia. Nikakaa nje ya mpaka, nikafungua michembe yangu, tukala wote viazi vile vikavu. Kutoka pale niliona zambarau kidogo tu, mbali, kati ya majani, nikamshukuru Mungu kwamba nimekatazwa.