Ufunguo wa Gari la Ndugu Yangu Ninao Mimi, na Kesho Wanakuja Kulikata

Admin, tafadhali nifiche jina. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, kifungua mimba kwetu. Naishi Baba Dogo na mama yangu na ndugu yangu mdogo ambaye hapa nitamwita Dan. Kazi yangu ni kupiga rangi magari kwenye gereji. Naandika haraka haraka, kwa hivyo mnisamehe nikikosea maneno.

Marehemu baba alituachia gari la michezo la zamani, la milango miwili, lile la kukaa chini chini. Dan alilipenda kama mtoto wake. Alilitia injini kubwa ya gari lingine, akapanua madigadi ili tairi pana ziingie, akafunga eksozi ambayo mtaa mzima uliijua. Mimi nikalipiga rangi ya machungwa. Mama alilalamika kelele kila siku, lakini mara kadhaa nilimfumania akichungulia dirishani huku anacheka peke yake.

Halafu siku moja akitoka pande za Kangundo Road, tairi la mbele likapasuka. Gari likabingirika hadi mtaroni. Dan alitoka hai, lakini kuanzia kiunoni kwenda chini hasikii kitu. Pale hospitalini, maneno ya kwanza aliyoniambia ni, "Siz, mngeniacha tu pale barabarani." Mama sijawahi kumwambia hayo.

Alipoletwa nyumbani aligeukia ukuta, na hapo akabaki. Marafiki walikuja wakachoka. Mama ndiye alimwosha, akamlisha, akamwombea. Dan alikuwa haongei, anaitikia tu. Mimi nililivuta lile gari hadi gereji ninakofanya kazi, likakaa pembeni na turubai.

Mwaka huu mwenye gereji akaniambia anataka nafasi yake. Nikamwambia Dan, nikidhani hata hatasikia. Akageuka. Akaniuliza, "Liko na hali gani?" Admin, nilitoka nje nikalia.

Tangu siku hiyo akawa mtu. Alinyoa ndevu, akaomba apelekwe gereji na kiti chake cha magurudumu. Akanieleza anachotaka: gia za otomatiki, na chuma kimoja kando ya usukani, ukikivuta gari linaongeza mafuta, ukikisukuma linashika breki. Kuendesha kwa mikono tu. Tulinyoosha bodi, nikalipiga rangi upya, fundi mwenzangu akachomelea. Jumapili moja tukamwinua tukamweka kwenye kiti, akazunguka uwanja wa godauni tupu. Alipiga kelele za furaha kama zamani. Mimi nilikuwa nimekaa kando yake na sikuogopa hata kidogo.

Majirani wakampelekea mama habari. Alikuja gereji na nguo zake za kanisani, akapanda juu ya boneti akakaa.

"Mkitaka kulitoa hapa, mnipitie juu," akasema. "Hili gari lilikula miguu ya mtoto wangu. Sasa mnalipelekea kichwa?"

Dan akamjibu, "Mathe, hili ndilo linaniamsha asubuhi."

"Mimi ndiye ninakuamsha!" mama akapiga kifua. "Mimi ndiye ninakugeuza usiku usioze mgongo! Gari limewahi kukugeuza?"

Mama alilia akiwa juu ya ile boneti hadi tukamshusha. Gari limeandikwa jina lake tangu baba afe, na sasa ameita watu wa skrapu, wale wanaonunua vyuma chakavu, waje Jumamosi walikate. Jumamosi ni kesho. Kuna bwana mmoja mpenzi wa magari ya zamani aliyetaka kulinunua, alirudishe lilivyotoka kiwandani. Mama akakataa, eti hataki mtoto wa mama mwingine afie humo. Dan naye akasema wakitoa kile chuma cha mikono, ni sawa na kukatwa tu.

Sasa sikieni kinachoninyima usingizi. Jana Dan aliniambia, "Siz, nipe ufunguo. Mara moja tu kabla hawajalikata. Niende peke yangu."

Nikamuuliza, "Uende wapi?"

"Mbali kidogo."

"Twende pamoja basi."

"Hapana. Peke yangu."

Nikamuuliza kama atarudi. Akasema, "Si nitarudi." Lakini alikuwa anatazama mikono yake. Huyu ni mtoto niliyembeba mgongoni, najua anavyoongea akinificha kitu. Ama labda hafichi kitu, ni mwanamume tu anayetaka saa moja bila kusukumwa na mtu, na mimi ndiye nimejaa woga. Nilimwomba twende tuongee na mshauri wa pale hospitalini. Akaniambia, "Hata wewe sasa unaniona mgonjwa wa kichwa?" Hajaniongelesha tena.

Nikimpa ufunguo na asirudi, nitamwangaliaje mama? Nikimnyima na kesho gari likatwe, atageukia ukuta tena, na safari hii sidhani atageuka. Nikimwambia mama yale maneno ya hospitalini, nitamvunja yeye, na Dan hataniamini maisha yake yote.

Sasa hivi niko kwenye ngazi za ploti. Nyuma ya mlango namsikia mama akiomba kwa sauti, akitaja jina la Dan. Dan amevaa jaketi tangu asubuhi, amekaa karibu na mlango, ananingoja mimi nimpeleke gereji.

Ndugu zangu, hasa nyinyi mnaoishi na mtu aliyepotewa na miguu, ama nyinyi wenyewe mlio kwenye hicho kiti: ingekuwa ni wewe ungempa, ama ungemnyima? Niambieni leo. Kesho nitakuwa nimechelewa.