Swali la Upande wa Mama

Kosa langu la mwanzo, lililozaa mengine yote, lilikuwa neno moja. Daktari wa watoto alimuuliza mke wangu, "Upande wako, mama, kuna ndugu anayesumbuliwa sana na kichwa, au aliyekuwa akitapika namna hii utotoni?" Mke wangu alifungua mdomo ajibu. Mimi nikasema, "Hakuna."

Sikuwa nimeulizwa mimi. Mimi ni mtu wa Singida. Ukoo wa mke wangu ni wa Kinole, huko juu Uluguru, na nusu ya ndugu zake siwajui hata kwa sura. Lakini nilikuwa nimeshika daftari nililoandikia ugonjwa wa mtoto, na mtu aliyeshika daftari hujiona ndiye mwenye majibu.

Binti yetu alikuwa na miaka minne ilipoanza. Aliamka asubuhi moja midomo imepauka, akasema, "Baba, tumbo linazunguka," akatapika. Akatapika tena kabla sijamaliza kufuta sakafu. Mpaka adhuhuri hakuwa amebaki na kitu tumboni isipokuwa maji ya njano, na bado alikuwa anajikunja juu ya beseni. Jioni akalala, akaamka akidai chipsi. Kesho yake alikuwa anaruka kamba uani kana kwamba sisi ndio tuliota. Baada ya wiki tatu ikarudi, asubuhi vilevile, midomo vilevile.

Akapimwa malaria, hana. Choo, mkojo, damu, vyote safi. Ultrasaundi ya tumbo, safi. Jirani mmoja mtaani kwetu Kilakala, mjini Morogoro, alisema ni minyoo, mwingine akasema vidonda vya tumbo, wa tatu akaniambia mtoto mzuri kama huyu lazima kuna mtu amemtupia jicho. Yote niliandika.

Mimi nachora ramani za nyumba. Chuo sikwenda. Nilijifunza kwa video kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, nikawa narudia somo moja mara kumi mpaka nalielewa. Aliyejifundisha mwenyewe ana hofu ambayo haimtoki: kwamba siku moja ataingia mtu aliyesoma na kumwonyesha ukuta uliopinda. Kwa hiyo napima mara tatu kila kitu, na mtoto nilimpima hivyohivyo. Daftari lilikuwa na safu za saa aliyoamka, alichokula jana yake, mara alizotapika, na rangi. Mistari niliipiga kwa rula. Siku moja mke wangu aliandika nje ya mstari; nilirarua ukurasa, nikanakili upya. Alinitazama tu, hakuandika tena.

Sasa nimseme kaka yake. Analima ndizi na pilipili manga kule Kinole, na kila Jumamosi alikuwa anashuka mjini na bodaboda kuuza, akimaliza anapita kwetu. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, wenyewe wanauita lukolo, na mjomba ana kauli kubwa juu yake. Kwetu mtoto ni wa baba, mazungumzo yamekwisha. Nilipooa nilicheka, nikasema hayo ni mambo ya wazee. Halafu binti yangu akajifunza kukimbia, na kila akisikia ile pikipiki alikuwa akikimbia kunipita mimi, mikono juu, "Mjomba! Mjomba!"

Nilimwonea wivu. Wivu wa mke, mwanaume anaweza kuwaeleza wenzake wakamwelewa. Huu wa mtoto sikuwa na wa kumwambia. Nilihesabu mara alizocheka akiwa naye. Niliona kwamba akilala Kinole hatapiki, na wakwe zangu nao waliliona, wakawa wanasema kwa upole kabisa, "Hewa ya mjini inamkataa." Mimi nilikuwa nasikia: baba yake anamkataa.

Kuna Jumapili shemeji alikuwa amelala kwetu, asubuhi mtoto akaanza. Nilikuwa nimekaa kando yake namhoji ili niandike: inauma wapi, inauma kama nini, kama jana au zaidi? Shemeji aliingia. Akachukua khanga ya dada yake, akaitundika dirishani. Akazima redio. Akatoka kumwomba jirani aache kutwanga, akarudi na kitambaa cha maji baridi akamwekea mtoto kwenye paji la uso.

"Shemeji, mwache," aliniambia kwa sauti ya chini. "Ukimuuliza anatapika."

Niliacha kuuliza. Mtoto akalala, mkono wake umeshika kidole cha mjomba wake. Shemeji akamtazama, akatikisa kichwa.

"Huyu kanichukua mimi," akasema. "Huyu ni mimi mtupu."

"Nimesikia," nikamjibu.

Na kweli nilikuwa nimesikia. Nilisikia mtu aliyekaa kwenye kiti changu, chumbani kwa mwanangu, ananiambia mtoto ni wake. Sikumuuliza amejuaje cha kufanya.

Wiki mbili baadaye ndipo daktari alipouliza swali lile. Maneno ya shemeji yalikuwa bado yamo sikioni mwangu, na sikutaka mtu yeyote wa upande ule aingie kwenye faili la mwanangu. Tulipotoka nje mke wangu aliniuliza, "Mbona umenijibia?"

"Kwani kuna nini?"

"Kaka anaumwaga kichwa."

"Kila mtu anaumwa kichwa."

Mke wangu akikasirika hapigi kelele, anakuachia tu njia upite na ujinga wako.

Nikaendelea kupita. Siku moja nilipokuwa nalikagua daftari niliona kitu, na moyo wangu ukaruka kwa furaha. Mara nyingi mtoto alikuwa ametapika Jumamosi, au kesho yake. Siku za mjomba! Nikachukua kalamu nyekundu nikaziwekea alama. Nikamwonyesha mke wangu: ni ndizi zake, au mikono yake ya shamba, au kitu anachompa, lakini ni yeye. Nikamwambia amwambie asije kwa muda. Sikwenda kumwambia mwenyewe.

Shemeji hakuuliza sababu. Hakuja tu. Binti yangu alikaa getini Jumamosi ya kwanza, ya pili, na ya tatu.

"Mjomba anaumwa?"

"Ana kazi."

"Kazi gani?"

"Ya shamba. Ingia ndani, jua kali."

Mwezi wa kwanza hakutapika, nikatembea kifua mbele. Mwezi wa pili ikarudi kwa nguvu ambayo sikuwahi kuiona; alitundikiwa dripu siku mbili, na aliporudi nyumbani sketi yake ya shule ya awali ilibidi mama yake aibane kwa pini. Daktari akasema imebaki njia moja: kumpeleka Dar, alazwe kwa dawa ya usingizi, aingizwe mpira wenye kamera kooni mpaka tumboni. Alitueleza hatari zake bila kuficha. Mtoto mdogo, aliyekonda, na dawa ya usingizi. Nilikuwa tayari kusaini. Nilitaka kuona kwa macho ni wapi pamepinda.

Mke wangu akasema, "Kabla ya Dar, mama yangu amwone mjukuu wake." Hakuwa ananiomba.

Tulifika Kinole alasiri. Mama mkwe alikuwa ameketi barazani anachambua pilipili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Mbona umekonda wewe kuliko mgonjwa?"

Binti yangu alikuwa ameshazunguka nyumba nzima. "Bibi, mjomba yuko wapi?"

"Kalala."

Mwanaume kalala saa tisa alasiri, siku ambayo mgeni anakuja. Nilielewa mara moja: kaninunia. Nikafurahi kidogo, maana sasa kosa lilikuwa la wote wawili.

Asubuhi yake, jua linachomoza, mtoto akasema tumbo linazunguka. Akatapika kwenye beseni la bibi yake, pale pale Kinole, kwenye hewa safi yenye harufu ya pilipili manga.

Nilifurahi. Nimeliandika neno hili nikalifuta mara nyingi, lakini ndilo lenyewe. Mwanangu anajikunja mbele yangu, na kitu ndani yangu kikasema: Umeona? Hata kwenu. Nikamwacha na mama yake, nikavuka ua kwenda kugonga mlango wa shemeji. Nilitaka aje aone.

Mlango ulifunguka nusu. Ndani giza. Dirisha lilikuwa limefunikwa blanketi. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, macho ameyafinya kama mtu anayetazama moto, na miguuni pake palikuwa na ndoo.

"Shemeji, sema polepole," akasema. "Na huo mlango usiufungue wote."

"Una malaria?"

"Kichwa. Tangu juzi."

Nikaitazama ndoo. "Umetapika?"

"Hiki kichwa bila kutapika hakiniachii. Zamani kichwa hakikuwepo, ilikuwa kutapika tu. Nilipokuwa kama yeye." Aliegemea ukuta. "Anatapika sasa hivi, eti? Nimesikia sauti. Ningekuja, miguu haitaki."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Si nilikuambia? Nilikuambia huyu ni mimi mtupu. Ukasema umesikia."

Mama mkwe alikuwa amefika nyuma yangu na kikombe cha uji. "Huyu nilimbeba mgongoni mpaka mjini, kwa miguu," akasema. "Wakasema minyoo. Nikarudi naye. Ametapika huyu mpaka kaota ndevu, ndipo kichwa kikashika zamu. Dada yake alikuwa hajazaliwa, yeye anakijua kichwa tu. Kunywa uji, baba." Maneno ya mwisho alimwambia mwanawe, lakini kwa jinsi nilivyokuwa nimesimama, nadhani alitaka kunipa mimi.

Ningependa kuandika kwamba nilihisi nafuu. Haikuwa hivyo. Nilichohisi kwanza ni wivu mpya, mkubwa kuliko wa pikipiki. Huyu mtu alikuwa anakijua kwa ndani kile anachopitia mwanangu. Alikuwa amelala kwenye giza lilelile. Mimi nilikuwa nakijua kwa rula. Ningeweza kupiga mistari mpaka mwisho wa daftari nisifike pale alipokuwa amefika bila kujaribu.

Nafuu ilikuja baadaye, nilipokuwa natundika khanga kwenye dirisha la chumba alicholala mtoto. Na nyuma ya nafuu ikaja hofu: nilikuwa karibu kumpeleka kwenye dawa ya usingizi kwa sababu ya neno langu moja.

Wiki iliyofuata tuliingia kwa daktari watu wanne. Shemeji alivaa shati lake la Idi. Daktari alimpa kiti kilichokuwa kando ya meza, kile ninachokaa mimi siku zote, na mimi nikasimama ukutani. Akamuuliza mambo mengi: ulianza ukiwa na umri gani, ilichukua muda gani, katikati ulikuwa mzima kabisa? Shemeji alijibu taratibu. Kila alipomuuliza kuhusu mtoto, nilimeza majibu yangu.

Halafu akaomba daftari. Alilisifia, na kwa dakika moja nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Morogoro. Akafungua, akaweka kidole.

"Hizi alama nyekundu ni nini, baba?"

Hakuna aliyenisaidia. "Ni siku alizokuja mjomba," nikasema.

Shemeji alinyoosha shingo akatazama. "Yaani umeniandika mimi? Pamoja na mbu na maharage?" Akacheka mpaka akashika kichwa. "Dada, mumeo kaniweka kwenye orodha ya magonjwa!"

Daktari hakucheka. Alimgeukia mke wangu. "Jumamosi mtoto anaamka saa ngapi?"

"Kabla ya adhana. Anakaa getini kumsubiri mjomba wake."

"Anakula?"

"Hagusi kitu mpaka aje."

Daktari akatueleza kwamba kuna kutapika kunakokuja kwa vipindi, mtoto akawa mzima kabisa katikati, na kwamba mara nyingi ni ndugu wa kipandauso, kichwa kama hicho cha mjomba, na hutembea ndani ya familia. Alisema hana picha wala kipimo cha kutuonyesha. Anaunganisha vipimo vilivyotoka safi, vipindi vinavyofanana, na mjomba. Kukosa usingizi, njaa, hata furaha kubwa, vinaweza kuamsha kutapika huko. Safari ya Dar isubiri kwanza.

"Kwa hiyo kweli ni mimi!" alisema shemeji.

"Ni kukusubiri wewe," daktari akamjibu. Kisha akanitazama. "Baba, mara ya kwanza nilipouliza upande wa mama..."

"Nilijibu mimi," nikasema.

Akaandika.

Mwanangu sasa anapewa dawa kila jioni, anakula kitu kabla ya kulala na mara anapoamka, na mjomba wake anakuja tena, ila hatangazi siku. Tangu mvua za masika ametapika mara mbili, na zote zilikwisha kabla ya adhuhuri bila dripu. Dar hatujakwenda. Wivu haujaniisha. Lakini kliniki anapelekwa na mama yake na mjomba wake, na mimi nabaki nyumbani na kazi zangu.