Leo nilisema "nimepona" mu telefone

Bandugu, leo kinywa yangu njo imenifukuzia infirmiere.

Munajua hii maumivu yangu ya mwili muzima, docteur anaita fibromyalgie. Kila juma infirmiere mumoja, muuguzi wa hospitali, ananipigia, tunaongea, ananifundisha namna ya kupumua wakati inachoma. Ni yeye tu hajaniita muvivu.

Leo bamama ba kikundi yetu ya sala balikuja kwangu, mu mutaa wa Hewa Bora, kuniwekea mikono. Kisha mama presidente wa kikundi akasema: "Ukitaja ugonjwa tena, unairudisha. Sasa useme tu umepona."

Telefone ikalia pale pale, ni infirmiere.

Vidole vyangu haviwezi kuishika, naweka haut-parleur, bote banasikia.

"Mama, leo maumivu iko namna gani?"

Macho yote kwangu. Mabega ilikuwa inawaka moto.

"Nimepona."

"Kweli, mama? Kabisa?"

"Kabisa."

Akafurahi, maskini. "Basi Mungu asifiwe. Nafasi yako nitapatia mugonjwa mwingine, bengi banangojea." Akakata.

Bamama bakapiga makofi, bakaimba mpaka ku barabara. Mi nilishindwa hata kusimama nibasindikize. Mama presidente akageuka ku mulango: "Ukikaa hivyo ni imani iko kidogo."

Nimepiga ile numero tangu saa ile. Hakuna anayepokea.

Mungu wangu, ulisikia. Unajua ile neno sikukuambia wewe, niliambia bo, bale bamama.

Bandugu, nyinyi mungejibu nini?

Mama presidente, wewe usijibu.