Mwendo wa Zulfa

Usiku ule ulianza na mlio: kwaa… kimya kirefu… kwaa. Hadi leo ninausikia. Ni kandambili zinazoburutwa kwenye saruji, ila kwa uvivu ambao si wa binadamu.

Mimi ni mtu wa kucheka, hata usingizini naambiwa nacheka. Usiku ule sikucheka. Niliota niko uani kwa mama mkubwa, Mbagala, nyuma ya mashine zangu za muziki, na viti vyote vya kukodi vimejaa wageni wasioielewa singeli, huu muziki wetu wa mbio. Hilo halikuwa la ndotoni tu. Jumamosi majirani walikuwa wanakuja kweli, wale wanaotuona wahuni, na mama mkubwa alishatamka: "Wakikimbia, Mwanaidi, hizo spika zako zitoke uani kwangu."

Kupokea wageni haikuwahi kuwa kazi yangu. Ilikuwa ya Zulfa, rafiki yangu, mshika maiki. Mimi napiga, yeye anaongea. Kifua kilimbana ghafla, tukamzika kabla ya mvua za masika.

Ndotoni mama mkubwa anageuka kitini. "Hii ni ngoma au mashine ya kusaga imekwama?"

"Subiri, mama. Zulfa anakuja kueleza."

Nasema hivyo kama vile hajafa.

Kwaa… Zulfa yuko getini. Dera lake la zambarau linapepea taratibu, kama liko ndani ya maji. Wageni wanaanza kuinuka, mmoja, mwingine. Ua unakuwa darasa letu la zamani, viti vimekuwa madawati, halafu ni ua tena, na yeye bado hajamaliza hatua moja.

"Zulfa, kimbia! Wanaondoka!"

Anafungua mdomo. Sauti inatoka nzito, ya kiume, inaburuta kila neno.

"Unanivuta, Mwana."

Nilijua anachosema. Kwenye singeli tunaikimbiza sauti ya mtu mpaka inakuwa nyembamba kama ya mtoto. Sasa mimi, tangu msiba, kila jioni nilikuwa nachukua rekodi zake nazipunguza mwendo, nimsikie kama alivyokuwa akiongea jikoni. Na kila jioni nilipunguza kidogo zaidi, ili akae zaidi.

Napandisha mwendo. Zulfa anapiga hatua, anapiga nyingine, amefika, anacheka, ananyakua maiki.

"We mtoto, umenifanya ajuza! Haya wageni wangu, kaeni, hakuna anayeng'ata hapa. Kuna gaba, goma la Waholanzi: pigo moja zito, kama mwenye nyumba anagonga mlango. Hilo lichezee visigino. Kuna hadikoo ya furaha, nayo ya Ulaya: kinanda juu, mbio chini. Hiyo wewe tabasamu tu, miguu itajijua. Na hii yetu, singeli, usishindane nayo. Shika kiuno, mengine yaache yapite."

Wageni wanakaa. Kisha wanasimama tena, ila sasa wanacheza. Mama mkubwa ameshika kiuno. Jamani, mama mkubwa!

"Imebaki moja," anasema Zulfa, na sasa ananitazama mimi, si wao. "Spidikoo. Mapigo yanabanana mpaka yanakuwa mlio mmoja. Pandisha."

Mkono unakataa. Najua akifika huko sitamwona tena.

"Baki kidogo," namwomba.

"Wageni ni wako, Mwana. Mimi niache na mwendo wangu."

Wanaocheza wanapungua mwendo, wanatazama nitafanya nini. Napandisha. Dera linakuwa mstari wa zambarau, mapigo yanakuwa mlio mwembamba unaopenya meno, halafu hakuna mlio, hakuna Zulfa.

Niliamka mkono umenyooka hewani na mto umelowa. Kumeshapambazuka, mama mkubwa yuko nje anafagia, anamgombeza kuku wa jirani. Nilirudishia mlango, nikawasha kompyuta. Zile sauti zake zote nilizozipunguza mwendo zilikuwa pale, zimejipanga. Nikazifuta moja baada ya nyingine, bila kuzisikiliza; zile za mwendo wake mwenyewe nikaziacha.