Nukta ya Wino Puani

Nilikuwa nakuna nazi pale binti yangu alipoingia uani na nukta nyeusi ya wino kwenye ncha ya pua. Nikadhani kajipaka mwenyewe, nikamwita nimpanguse. Haikutoka. Ilikuwa imeshakauka, na kilio chake kilikuwa kimeshakwisha njiani, kutoka skuli mpaka kwetu Mkunazini, watoto wakimfuata nyuma: "Bi Fulstopu! Bi Fulstopu!"

Kosa lake lilikuwa hili. Aliambiwa asome kitabu cha Kiingereza kwa sauti, akasoma, na kila alipofika penye alama akaitaja kwa jina lake: koma, fulstopu, kwescheni maki. Alipoikuta ile & hakusema "end" kama inavyosomwa; alisema "ampasandi", jina nililomfundisha mimi. Darasa zima likacheka. Mwalimu akachovya kalamu akamtia fulstopu puani, asisahau kuwa alama ni ya kuonwa, si ya kusemwa.

Mama mkwe wangu, ungo wa mchele mapajani, alisema taratibu kwamba mtoto ameshasoma vya kutosha, sasa abaki nyumbani ajifunze kushona kofia. Na binti yangu akaitikia. Hataki tena skuli, alisema. Hapo ndipo niliposhindwa kustahamili. Mimi nilitolewa darasa la kumi nikaolewa, na nilijiapia kuwa huyu hatolewi na mtu, sembuse na tone la wino. Nikavaa buibui, mikono ingali na machicha.

Mwalimu nilimkuta akifunga madirisha. Tulisoma skuli moja, yeye akiwa mbele yangu, kwa hiyo tulijuliana hali vizuri tu. Akanambia ulikuwa mzaha.

"Shoga, mbona hata mwenyewe alicheka."

"Hakucheka. Nani alimwambia kuwa alama hazitajwi?"

"Hilo kila mtu analijua."

"Nani alimwambia?"

Akageukia dirisha la pili. Nikamweleza basi, maana mtu aliyesomea ualimu alikuwa amesahau alikolelewa. Mtoto huyu asubuhi yuko kwako, jioni yuko chuoni, anasoma Kurani. Chuoni anaanza kwa kutaja kila kitu: be fataha ba, be kasra bi, be dhumma bu. Akiruka kialama kimoja juu ya herufi, anarudishwa mwanzo. Kafundishwa kuwa kilichoandikwa kina haki ya kutajwa. Kisha anakuja kwako, na wewe mwenyewe ukitoa imla unasema koma, unasema fulstopu, kwa sauti ya kusikika mpaka njiani. Siku ya kusoma, alifanya kama wewe. Ungemwambia neno moja tu: wakati wa kuandika tunazitaja, wakati wa kusoma tunazipumzikia. Angeelewa papo hapo.

Alikubali. Hilo silifichi, alikubali kuwa nasema kweli. Akataka nimrudishe mtoto kesho, yaishe. Nikamwomba ayaseme hayo hayo mbele ya darasa. Akasema hawezi kujishusha mbele ya watoto.

"Basi mie nnakwenda afisini," nikamwambia.

Karani wa afisi ya elimu alitaka kwanza mume wangu aje. Nikamjibu kuwa mume wangu yuko kazini, na nyumbani kwetu aliyesoma Kiingereza ni mimi. Akataka niandike ombi, kwa kuwa malalamiko ni neno kali. Nikavuta karatasi nikaandika kwa Kiingereza, nimesimama pale pale kwenye meza yake, maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya:

Nalalamika kwamba binti yangu alipakwa wino usoni kwa kusoma kama alivyofundishwa. Nataka mwalimu alieleze darasa lake ni wakati gani alama hutajwa na wakati gani hazitajwi, kisha amwombe radhi mtoto mbele ya wale wale waliomcheka. Mtoto hajaacha skuli. Kesho asubuhi nitampeleka mwenyewe, na nitakaa darasani mpaka hayo yafanyike.